Ile hela tuma kwenye namba hii

Kila mwenye laini ya simu Tanzania ameshaupata ujumbe huu, pengine zaidi ya mara moja: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo." Hautaji jina lako. Hausemi ni shilingi ngapi wala za nini. Tapeli aliyeuandika hakujui, na wala hana haja ya kukujua. Anachojua ni kwamba mtu mzima mwenye kipato katika nchi hii, saa yoyote utakayomkuta, kuna mtu amemwahidi hela. Tena anajua na la pili, ambalo ndilo linalomlipa: aliyeahidi hatauliza sana. Atatuma upesi, kimyakimya, ili limwishie.

Mimi ni mmoja wa walengwa. Ni mhasibu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini, na kwetu ni Muheza. Mume wangu ni fundi wa mafriji, kazi ambayo joto likipanda inalipa na masika yakiingia inalala. Kwa hiyo katika familia zetu mbili, ya kwangu na ya kwake, kipato chenye tarehe ni kimoja. Mama yangu, dada yangu mkubwa anayekaa naye, mdogo wangu wa kiume na pikipiki yake ya mkataba, watoto wawili walioachwa na marehemu kaka, mama mkwe na baba mkwe, wote wanaijua hiyo tarehe. Kuna mpwa wangu mmoja anaijua kuniliko.

Sikukaa kuandika haya ili nilalamike. Malalamiko juu ya ndugu yameandikwa ya kutosha, mengi na watu ambao wenyewe walisomeshwa na ndugu. Uzito wa kutunza watu unajulikana. Ninachokiona mimi ni kwamba uzito huo tumeuongeza wenyewe kwa kuufanya siri. Anayetoa anaficha alichonacho, anayepewa anaficha alichopewa, na kila mmoja anabaki kumpigia mwenzake hesabu gizani. Haikuwa hivi zamani, na nasema hivyo kwa sababu nimelelewa na mtu aliyefanya kinyume chake.

Mtu huyo ni shangazi yangu, dada yake baba, mchuuzi wa machungwa. Anayeijua Muheza anajua msimu ukifika inavyokuwa: malori yanajipanga, madalali wanaingia mashambani kununua matunda yakiwa bado mtini, na kina mama wasio na mtaji mkubwa wanajichukulia matenga yao machache kwenda kuwauzia abiria wa mabasi. Shangazi alikuwa wa matenga. Nyumbani kwake tulikuwa wengi, wa kuwazaa na wa kuletewa, na hatukuwahi kusikia akitenganisha.

Jioni, baada ya magharibi, alikuwa anakaa mkekani, anafungua pindo la kanga, anamwaga hela zote mbele yetu. Noti alizinyoosha kwa kiganja juu ya paja, moja moja, akizigeuza mpaka sura zote ziangalie upande mmoja. Sarafu alizipanga mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa mtaji, nalo lilirudi kwenye pindo hapohapo, likapigwa fundo, likapotelea kiunoni. Hilo halikuguswa hata mtu angelia. Halafu unga. Halafu mafuta ya taa, sabuni, chumvi. Kilichobaki, kama kilibaki, kilikaa katikati ya mkeka, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Huyu daftari limejaa, yule kandambili zimekatika. Shangazi hakuwa na neno "sina." Alikuwa akisema, "Haya, nizitoe wapi?" Ukayatazama mwenyewe yale mafungu: zitoke kwenye unga? Zitoke kwenye sabuni? Mara nyingi aliyeomba ndiye aliyesema basi, nitangoja.

Tulikuwa maskini, na sina hamu ya kuupaka umaskini rangi. Kuna jioni katikati ya mkeka palikuwa peupe. Ila haikuwahi kunipitia akilini kwamba shangazi ana hela nyingine kaziweka mahali. Hela yake yote niliiona ikimwagwa.

Na zile za kutoka mjini zilifika vilevile. Baba mdogo alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na kila baada ya muda alimpa kondakta wa basi bahasha, ndani noti na barua. Barua haikusomwa na mtu mmoja pembeni. Mtoto anayejua kusoma vizuri aliitwa, akasimama, akaisoma kwa sauti: hizi za dawa ya bibi, hizi za mchango wa shule, hizi mpeni fulani, anajua mwenyewe za nini. Hata hiyo "anajua mwenyewe" ilisomwa kwa sauti, watu wakacheka, na fulani akabanwa mpaka akasema.

Kisha zikaja simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mitandao mingine ikaleta ya kwake. Sina ugomvi nayo. Mama yangu hana akaunti benki na hela ya dawa inamfikia kabla sijaweka simu chini. Kondakta naye amepumzika na bahasha za watu. Ila kuna kitu kiliondoka na zile bahasha, na hatukukiona kikiondoka. Zamani nyumba moja ilipokea fungu moja, likagawiwa mbele za watu. Sasa nyumba moja ina laini tano au sita, na kila laini inaomba kivyake. Dada ananiandikia asubuhi. Mdogo wangu anapiga usiku, na salamu zake zikizidi urefu najua tu kuna jambo linakuja. Mama anabipu. Na karibu kila ombi lina mkia: usimwambie dada, mama asijue, hii iwe ya mimi na wewe.

Matokeo yake ni kwamba mtu pekee aliyejua nani kapewa nini ni mimi, na mtu pekee aliyejua kapuni mna nini ni mimi huyohuyo. Wengine kila mmoja aliona cha kwake, cha mwenzake akakikisia. Na aliyenyimwa huwa hakisii kidogo.

Hata adabu zetu zimehamia kwenye simu. Ukimtumia mtu bila kuweka ya kutolea, umemsema vibaya. Mgonjwa anataka shilingi 20,000 mkononi, na ikifika dirishani kwa wakala ikipungua, pungufu hilo litatajwa muda mrefu kuliko hiyo 20,000. Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi, ikikatwa wakati wa kutuma na tena wakati wa kutoa, makelele yalikuwa makubwa hadi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Redioni wataalamu walijadili biashara na uchumi wa kidijitali. Kwenye daladala nililopanda mimi watu walikuwa wanazungumzia mama zao.

Tuje kwenye salari slipu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ninaisoma kwa raha. Kuna kodi ya mapato. Kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10. Bima ya afya asilimia 3, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa ajili ya mkopo ulionisomesha chuo. Chini kabisa kinachobaki. Hakuna mahali karatasi hiyo inapouliza ninalisha watu wangapi. Wenye mshahara sawa, mmoja anaishi peke yake na paka wake, mwingine ana watu tisa nyuma yake, kodi yao ni ileile hadi senti. Kwenye karatasi hiyo kila mtu yuko peke yake.

Sheria nazo zina hesabu zake za ndugu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume jukumu la malazi, mavazi na chakula cha mke kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo anabebeshwa jukumu hilo pale mume anaposhindwa kujitafutia kwa sababu ya maradhi au kuumia. Mume wangu ni mzima wa afya, alhamdulillahi, kwa hiyo kisheria mimi ni mtu wa kutunzwa. Nyumbani kwetu hiyo ni moja ya vichekesho vya kudumu. Na ndugu wengi bado wanaishi kwa sheria hiyo bila kuisoma: nikituma hela Muheza, simu ya shukrani inapigwa kwa mume wangu. "Ahsante sana shemeji, Mungu akuzidishie." Naye anaipokea dua yote bila kupunguza kitu.

Kichekesho kingine sikukicheka. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo akifiwa: mwenza, mzazi, mtoto, bibi au babu, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Shangazi hayumo. Alipofariki nilimzika kwa siku za likizo yangu ya mwaka. Ofisini hawakunikatalia chochote, wala sina la kuwalaumu. Ni vile tu fomu ilikuwa na kisanduku cha "uhusiano na marehemu," na nilipojaza "shangazi" nikaambiwa kwa upole nichukue fomu nyingine.

Lakini fomu iliyonionyesha kutunza watu ni kazi gani hasa ni ya bima. Kwa utaratibu wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, niliojiandikisha nao, mwanachama anamwandika mwenza wake na wategemezi wanne, na nafasi hizo nne ni za watoto na wazazi, wako au wa mwenzako. Ndugu hawana nafasi. Sisi tuna watoto wawili. Zikabaki nafasi mbili kwa wazee watatu: mama yangu mwenye presha na sukari, mama mkwe mwenye magoti, na baba mkwe ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kuumwa. Tulikaa mezani usiku, watoto wamelala, fomu katikati. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu kwa kuwa mwajiri ni wangu. Mume wangu alikuwa anazungusha kizibo cha chupa ya maji kwa kidole, kinadondoka, anakiokota, anakizungusha tena. Akasema, "Andika mama wote wawili." Nikamwuliza, na mzee? Akasema, "Mzee yule mzima." Alikiambia kile kizibo.

Niliandika mama wote wawili, nikabandika picha zao. Baba mkwe akiumwa tunalipa taslimu. Sera ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure, na kumwona daktari kweli hatozwi, lakini dawa ikiwa haipo dirishani anaandikiwa karatasi akanunue nje, na ile karatasi inapigwa picha inatumwa kwangu.

Kazi ndiyo hiyo. Hela ina mwisho wake na mwisho ukifika unajulikana. Kuamua ndiko kusikokwisha: nani atangulie, nani asubiri, halafu kila Idi unamwamkia yule uliyemsubirisha, naye anakuitikia marahaba kwa furaha, na hajui. Baba mkwe hakujua kwa muda mrefu kwamba palikuwa na nafasi mbili na kwamba mwanawe ndiye aliyemruka.

Madrasa tulifundishwa hadithi ya Mtume kwamba mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini. Kila mtu anaijua. Hadithi hiyohiyo inaendelea: na anza na wale ambao kuwalisha ni jukumu lako. Hicho kipande cha pili hukisikii kikitajwa wakati kadi za michango ya harusi zinagawiwa na unaulizwa mbele za watu kama unachukua ya singo au ya dabo.

Arobaini ya shangazi ndiyo iliyotukutanisha wote Muheza. Baada ya kisomo, wageni walipopungua, baba mdogo (yule wa bahasha, sasa mstaafu mwenye ndevu nyeupe) alitaka tujadili paa la nyumba ya mama, maana lilikuwa linavuja na kila mtu alikuwa ameshatoa hela ya mabati. Kila mtu. Mimi nilitoa, mtoto wa baba mdogo alitoa, hata mdogo wangu alitoa kidogo. Mabati hayakuwepo. Nilikuwa nimeshakubaliana na mume wangu tangu Dar, kwa hiyo nilimpa baba mdogo salari slipu yangu na karatasi ya pili niliyoandika matumizi ya mwezi ule, nikamwomba asome kwa sauti namna tulivyokuwa tunasoma barua zake.

Alisoma mstari kwa mstari. Mama alijifunika uso kwa mtandio, akasema, "Mwanangu, haya mambo ya ndani." Mdogo wangu aliposikia mstari wa mwisho alisema, "Kumbe ndiyo hiyo tu?" na sijui kama alinihurumia au alikatika tamaa, nadhani vyote. Shemeji mmoja alitoka nje kuvuta sigara. Mtoto wa baba mdogo alikaa kimya, kisha akatoa simu yake akaanza kusoma miamala yake mwenyewe bila kuombwa. Ndipo mabati yalipojulikana yalikokwenda: mama alilipa deni dukani, deni la vyakula vya watoto wa kaka, ambalo hakumwambia mtu kwa kuwa aliona aibu kuomba mara ya tatu. Hakuna aliyeiba. Mdogo wangu naye akasema la kwake, kwamba ile hesabu ya pikipiki ilimshinda mwezi mmoja, akachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali, na sasa televisheni iko kwa watu. Ameishi na hilo mwaka mzima akinipigia usiku na kuzunguka, akiamini ninazo za kutosha ila nitamnyima.

Tulipoanza kuandika nani atachangia nini kwa mwezi, dada yangu alikuwa jikoni anaosha masufuria. Alisimama mlangoni, mikono ina majivu, akauliza, "Mimi mnaniandika wapi?"

Baba mdogo akamwambia yeye haandikwi, yeye hana kipato. Dada hakupandisha sauti. Akauliza nani anampeleka mama kliniki, nani anakaa kwenye foleni kuanzia alfajiri, nani anajua kidonge cha asubuhi na cha usiku, nani aliyeacha kibanda chake cha chapati pale stendi mama alipoanguka. Akasema, "Hamtaki kuniandika, basi mwambieni huyo wa Dar aje amwogeshe mama kwa M-Pesa."

Kikao kilicheka, kikanyamaza. Mwalimu Nyerere alipoeleza Ujamaa mwaka 1962 alitumia methali ya mgeni: siku mbili mgeni, ya tatu mpe jembe. Sisi kwa miaka tulimhesabu dada kwenye orodha ya wanaolishwa, mgeni wa kudumu nyumbani kwa mama yake, ilhali jembe analo yeye. Mimi nililipwa heshima yote kwa kubonyeza namba za siri. Tukamwandika. Hatukuweza kukubaliana kiasi cha shilingi (mhasibu mimi nilijaribu, nikaambiwa niache), kwa hiyo safu yake ina majina ya kazi tu: kliniki, dawa, kufua, usiku. Na kuna mstari wa hela yake ya mfukoni, isiyoombwa, inayotoka kabla ya kitu kingine chochote.

Utaratibu wenyewe ni yeye aliyetuonyesha. Yuko kwenye kikoba pale mtaani. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Hela inahesabiwa mbele ya kila mtu, hisa zinagongwa kwenye vitabu, mfuko wa jamii unawekwa kando kwa mwenye msiba au mgonjwa. Nilisoma uhasibu chuo kikuu kwa mkopo ambao bado nakatwa, na kaunta buku ya familia tukaianzisha kwa kanuni za kikoba cha dada. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anapiga picha ukurasa, anauweka kwenye kundi letu la WhatsApp, na kuusoma kwa sauti kwa ajili ya mama, ambaye macho hayamsaidii.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo ilikuwa amani. Kuna binamu alisema natafuta sifa. Mshahara wangu umefika mpaka kwa muuza mkaa. Shemeji wa sigara hajaleta chochote na kila mwezi jina lake linasomwa na sifuri mbele yake, jambo ambalo mume wangu anaona ni ukatili na mimi sioni. Mama mkwe aliposikia habari za kitabu hicho alitaka kujua kwa nini upande wao hauna, na hapo ikabidi baba mkwe aambiwe habari ya zile nafasi mbili. Alisema yeye angefanya hivyohivyo. Kisha hakuongea na mwanawe kwa wiki kadhaa.

Na si kila kitu ni cha kusomwa. Binti wa marehemu kaka alipata tatizo la kike, likahitaji hela, na hakustahili kusikia jambo lake likisomwa kwenye spika ya simu sebuleni. Tuna mstari unaitwa dharura. Una ukomo wake, na ndani ya ukomo huo hakuna anayeuliza. Mwezi mwingine unatumika wote na sisi sote tunaufumbia macho, na kwa watu wa kwetu kufumba macho ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kuna jambo moja sisi tunaotegemewa hatupendi kulisema, nalo lina haki ya kuwemo humu. Kuna utamu. Mimi ni mwanamke, ni mdogo kuliko nusu ya waliokuwa kwenye kile kikao, na bado baba mdogo hafungui mjadala mpaka niwe nimekaa. Posa ya mpwa wangu niliulizwa kabla ya wajomba zake. Kiti hicho sikupewa kwa busara. Na siri ilikuwa inakilinda: mtu asiyejulikana ana kiasi gani anaogopwa zaidi ya mwenye kiasi kinachojulikana. Tangu slipu isomwe naona watu wanabishana nami zaidi. Mdogo wangu ananiambia "hiyo haiwezekani dada, tumia akili," maneno ambayo asingethubutu kuyatoa wakati ule wa salamu ndefu za usiku. Nakiri kwamba siku nyingine naukumbuka ule woga wao.

Tuna bibi mmoja wa ukoo anaishi Pemba. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuangalia kama una watoto au huna. Hela ndogo. Lakini bibi huyo ndiye mzee pekee katika ukoo wetu ambaye akinipigia simu ananisalimia, ananisimulia habari za karafuu na za majirani zake, na anakata. Mara ya kwanza nilibaki na simu mkononi nikingoja aseme shida.

Ukurasa wa mwezi huu ataupiga picha mdogo wangu. Ameshamaliza kausha damu, televisheni imerudi, na sasa amegeuka mkali wa matumizi kuliko mimi. Nimepata fununu kwamba analeta hoja nipunguze michango ya harusi za watu wa ofisini, kwamba kwa mwaka inazidi dawa za mama. Nimepiga hesabu kabla hajafika, na anasema kweli. Bado nitambishia, maana nami nina watu ninaotaka waje siku ya msiba wangu.